Ukishafanya intavyu Mombasa ukaambiwa "tutakupigia", unangoja mpaka lini?

#1 BintiMikindani
Assalaam aleikum wanajamvi, na wasio Waislamu habari zenu. Nauliza wenye uzoefu, hasa waliowahi kuajiri watu. Mtu akikuita intavyu, ukaenda, ukajibu, mkaagana vizuri, je, hana deni la kukupa jibu hata kama jibu lenyewe ni hapana? Mimi naona analo. Tangazo huandikwa "watakaoteuliwa pekee ndio watakaojulishwa". Sawa, hiyo ni ya wale waliotuma maombi. Lakini mimi nishateuliwa, nimekaa mbele yenu, mmeshika vyeti vyangu. Kwa nini baada ya hapo ni kimya?

Kisa chenyewe: nafasi ya karani wa hati kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Changamwe. Jina lake silitaji. Tulikuwa wengi kwenye benchi. Nilipoingia nikapewa hati ya shehena na orodha ya upakiaji, nikaambiwa nitafute kosa. Nikaliona: namba ya sili ya kontena haikufanana kwenye zile karatasi mbili. Mama mmoja pale mezani akatabasamu, akaandika kitu. Mwisho wakaniuliza naweza kuanza lini na natarajia mshahara gani. Wakasema watapiga ndani ya wiki mbili. Wiki mbili zimepita zamani.

Shida si kungoja tu. Kuna duka la jumla Kongowea wananitaka niwe keshia, na mwenyewe anataka jibu kabla ya Jumatatu. Mshahara ni mdogo lakini upo. Nikikubali halafu Changamwe wapige? Nikikataa halafu wasipige kabisa?

#2 KijanaWaKisauni
Pole dada. Kimya ni jibu. Chukua Kongowea.

#3 Chuma_Changamwe
Dada, mimi nimekula mkate wa depo za kontena tangu ujana. Hapo pana mtu wao. Intavyu inafanywa ili faili ionekane ina watu wengi, halafu anaingia mpwa wa fulani ambaye hata kwenye benchi hukumwona. Nimeona kwa macho yangu kijana akifundishwa kusoma hati ya shehena siku yake ya kwanza kazini, na aliyemfundisha ni mlinzi wa getini. Usijilaumu. Hukukosa kwa sababu hujui kazi.

#4 Mama_Swaleh
Waalaikumu salaam mwanangu Binti. Mimi nimestaafu, na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo ya kuajiri, hapa hapa mjini. Nikueleze faili inavyotembea, kisha uamue mwenyewe.

Siku ya intavyu kila aliyeketi mezani hujaza karatasi yake ya alama. Jioni zinajumlishwa, anapatikana wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kisha huandikwa barua ya mapendekezo kwenda makao makuu, na kampuni nyingi za mizigo makao makuu yake yako Nairobi. Barua ikimkuta mkurugenzi yuko safarini, inalala. Ikirudi na sahihi, ndipo wanapopigiwa wadhamini uliowataja kwenye sivii, na yule wa kwanza anaandikiwa ofa. Sasa yeye kama ana kazi mahali, lazima atoe notisi ya siku thelathini. Muda wote huo wa pili haambiwi amekosa, maana wa kwanza huenda akakataa, au mwajiri wake akamwongeza mshahara abaki. Basi wa pili anawekwa tu. Hapigiwi wala haandikiwi.

Hiyo ni dhuluma, nasema wazi. Mimi nilikuwa nikiwapigia wote watatu, na wakubwa wangu walinigombeza. Lakini Chuma, mwanangu, si kila kimya kina mpwa wa mtu ndani yake.

Na lile swali la utaanza lini na mshahara gani, Binti, mimi nilikuwa nikiwauliza wale tu niliokuwa na nia nao.

#5 KijanaWaKisauni
Bi Swaleh shikamoo. Hilo siku hizi huulizwa kila mtu. Nimeulizwa "utaanza lini" kila nilipokwenda, na niko nyumbani.

#6 Wakili_wa_Mtaa
Shikamoo Bi Swaleh. Ufafanuzi kidogo: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, si 30, isipokuwa mkataba wake umetaja zaidi. Hata hivyo hoja yako inasimama.

Naongeza jambo ambalo wengi hawalitii maanani. Aliyeajiriwa huanza kwa majaribio. Sheria hairuhusu majaribio yazidi miezi 6, na yakirefushwa kwa ridhaa ya mfanyakazi, ni miezi mingine 6 tu. Ndani ya muda huo anaweza kuachishwa kwa notisi ya siku 7. Ndiyo maana mtu hupigiwa simu miezi mitatu baadaye na kampuni aliyokwisha kuisahau. Wa kwanza ameshindwa, faili imefunguliwa tena.

Kuhusu swali la Binti, kama mwajiri ana deni: kwa kampuni binafsi sijaona kifungu kinachomlazimisha kumjibu aliyefanya intavyu. Deni lipo, lakini ni la utu.

#7 Chuma_Changamwe
Wakili, utu hauandikwi kwenye karatasi ya alama.

#8 Bamburi_Jikoni
Nyote mnazungumzia mizigo, wacha niseme ya hoteli maana nusu ya vijana wa Pwani ndiko wanakongoja. Sisi kimya chetu ni cha msimu. Meneja anafanya intavyu wakati wa masika, Aprili mpaka Juni, kwa sababu ndipo ana nafasi: vyumba vingine vimefungwa, mafundi wanapiga rangi, wageni wa kuhesabika. Anakupenda, lakini hawezi kukulipa mpaka vyumba vijae. Mimi niliitwa intavyu mvua inanyesha, nikapikishwa mchuzi wa pweza mbele ya mpishi mkuu, akaonja mara mbili, akasema vizuri sana. Halafu kimya mpaka nikakata tamaa nikaanza kuuza viazi karai pale Bombolulu. Julai simu ikalia saa kumi na mbili asubuhi: "Una viatu vya jikoni visivyoteleza? Vaa uje sasa hivi, ndege ya watalii imeshuka jana." Hakuna aliyenieleza nilikuwa wa ngapi.

Kwa hivyo KijanaWaKisauni, kimya si jibu siku zote.

#9 KijanaWaKisauni
Lakini viazi karai viliuzwa au havikuuzwa? Ningekuwa mimi ningebaki na karai.

#10 Bamburi_Jikoni
Viliuzwa vikaisha. Dadangu ndiye anaye karai sasa. Karibu.

#11 MzeeTononoka
Nimesoma yote. Chuma ana haki kwa upande mmoja. Vijana wa hapa wanafanya intavyu kazi za bandarini na za serikali, halafu ajira zinakwenda kwingine. Sheria inasema asilimia 70 ya kazi za kaunti ni za wenyeji. Iko wapi?

#12 Wakili_wa_Mtaa
Mzee wangu shikamoo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeandikwa kwa upande wa pili: inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia zipewe watu wasiotoka kwenye jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti. Hiyo 70 ni watu waliotoa wenyewe. Na inahusu kazi za kaunti tu, haigusi kampuni binafsi kama hiyo ya Changamwe.

#13 MzeeTononoka
Marahaba. Basi niambie, kwa Mombasa hiyo jamii yenye watu wengi zaidi ni ipi? Hapo ndipo penye kazi.

#14 Njoroge_wa_Mikindani
Mzee, mimi wazazi wangu ni wa bara, nimezaliwa hospitali ya Coast General, nimesoma hapa, na Kikuyu changu ni cha kubahatisha. Nimefanya intavyu za klaringi, hiyohiyo kazi ya kutoa mizigo, mpaka walinzi wa mageti wananijua kwa jina. Na mimi sipigiwi. Hili la kimya halichagui kabila. Binti ni jirani yangu wa mtaa na tunangoja simu ileile.

#15 MzeeTononoka
Sijakusudia wewe mwanangu. Mungu akufungulie.

#16 Chuma_Changamwe
Turudi kwenye maneno ya Bi Swaleh kuhusu Nairobi. Hapo amegusa. Zamani meneja wa depo alikuwa akiajiri mwenyewe. Anakuona Jumatatu, Jumatano unavaa koti la kuakisi mwanga. Lilipokuja treni la SGR, ile reli mpya ya Nairobi, mwaka 2018, na baadaye 2019 serikali ikataka makontena ya bara yote yapande treni, ofisi nyingi zilifunga au zikahamia kwenye bandari kavu kule Embakasi, Nairobi. Madereva walikaa nyumbani, makarani vilevile, hata mama wa chapati wa barabara ya Magongo. Zilizobaki hapa ni matawi tu, hayana sauti. Yule mama aliyetabasamu huenda alimtaka Binti kwa moyo wake wote, lakini hana ruhusa hata ya kununua wino wa printa.

#17 Baharia_wa_Zamani
Chuma, abiria walianza kupanda SGR 2017, ni mizigo iliyoanza 2018. Na useme pia kwamba Septemba 2022 Rais Ruto alipoapishwa alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Mimi nimeona depo zikifufuka tangu hapo.

#18 Chuma_Changamwe
Mizigo imerudi, baharia. Sahihi imebaki Embakasi.

#19 Fundi_Makupa
Kuna sababu nyingine hamjaitaja: gharama. Mwajiri siku hizi akimchukua mtu mmoja, kuna tozo ya nyumba, kuna NSSF, akiba ya uzeeni, iliyopanda, kuna bima mpya ya afya. Anafanya intavyu akiwa na moyo, mhasibu akipiga hesabu anasema tungoje kidogo. Shemeji yangu ana karakana ya makeniki, ndivyo anavyosema.

#20 Wakili_wa_Mtaa
Tozo ya nyumba ni kweli, mwajiri hutoa asilimia 1.5 na mfanyakazi 1.5. Lakini ile asilimia 2.75 ya afya hukatwa mfanyakazi peke yake, mwajiri haongezi kitu. Shemeji asiitumie kama kisingizio.

#21 Fundi_Makupa
Nitamfikishia. Hatafurahi.

#22 Mgeni_wa_Likoni
Jamani kabla ya kulaumu kampuni, angalieni simu zenu. Mimi simu ilinitingishika mfukoni nikiwa ndani ya feri saa ya watu wengi, mkono haupiti. Nilipoteremka naona namba inaanza na 020. Nikapiga, nikapokewa na ile sauti ya mashine: "bonyeza namba ya unayemtaka". Nijue vipi namtaka nani? Salio likakatika. Nikamwambia mke wangu basi, riziki imepita. Usiku nikafungua imeli, sikuona kitu. Ni yeye aliyeniambia tazama na lile folda la taka. Barua ya ofa ilikuwa imelala humo, pamoja na matangazo ya dawa, na ilitaka nijibu kabla ya saa sita mchana ya kesho yake.

Binti, fungua hilo folda leo. Na kama simu yako ina programu ya kuzuia namba zisizojulikana, izime. Namba za 041 ni za hapa, 020 ni Nairobi. Usiziache zilie.

#23 BintiMikindani
Shukrani nyote, nimesoma kila neno. Folda la taka nimelifungua, hakuna. Programu sina.

Leo nilijikaza nikapiga. Akapokea msichana wa mapokezi, mwenye adabu. Nikataja jina na nafasi. Akanishikisha laini, nasikia karatasi zikifunuliwa, kisha akasema: "Faili bado iko kwa mkurugenzi, jina lako liko." Nikamwuliza liko kwa maana gani. Akasema, "Liko tu, dada." Mnanisaidia kulifahamu neno hili?

#24 Chuma_Changamwe
Liko kwa maana faili haijatupwa. Hakuna zaidi.

#25 Mama_Swaleh
La, mimi nasikia jingine. Msichana wa mapokezi hapewi faili ya walioshindwa, hizo hufungwa kwenye boksi. Akiwa na orodha mkononi, ni orodha fupi. Uko kati ya hao watatu. Lakini nani ni wa kwanza, hilo siwezi kukuambia, na yeye hajui.

Sasa mwandikie yule mama wa mezani imeli fupi. Mshukuru kwa nafasi, taja siku ya intavyu na cheo, mwambie una ofa nyingine inayotaka jibu Jumatatu, na bado ungependa kufanya kazi kwao. Usitishe, usiombe huruma. Sema ukweli huo tu. Kampuni nyingine ikikutaka, mkurugenzi huamka.

#26 KijanaWaKisauni
Na akiona ana ofa, wakasema basi mwache aende huko?

#27 Mama_Swaleh
Basi amepata jibu alilolitaka tangu mwanzo.

#28 MzeeTononoka
Kwa nini asiende mwenyewe? Asiyekuwepo na lake halipo. Zama zetu ulikuwa ukienda ukakaa getini mpaka mtu atoke.

#29 Njoroge_wa_Mikindani
Mzee, siku hizi getini unaandikwa kwenye kitabu, unaulizwa unamwona nani na kama una miadi. Huna miadi, hupiti. Na ukirudi mara ya pili wanakuona msumbufu. Nimejaribu.

#30 Ukhty_Majengo
Dada Binti, swali istikhara, sala ya kumwomba Mungu akuongoze kuchagua, kabla hujajibu popote. Usingoje ndoto. Swali, kisha fanya lile ambalo moyo unatulia nalo na njia yake inafunguka. Mimi ndivyo nilivyochagua kati ya shule mbili na sijutii.

#31 BintiMikindani
Nimeswali ukhty, jazakillah kheri.

#32 Fundi_Makupa
Swali pembeni. Kuna mahali niliambiwa nilete cheti cha tabia njema, cha KRA (kodi), cha HELB (mkopo wa masomo), cha EACC (rushwa) na cha CRB (madeni), vyote KABLA ya intavyu. Tabia njema peke yake ni 1,050 kwenye eCitizen, halafu upange foleni ya alama za vidole Huduma Centre. Nikatumia pesa za mafuta ya pikipiki. Halafu kimya. Pesa ile nani atanirudishia?

#33 Wakili_wa_Mtaa
Hawakupaswa kukudai. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri haruhusiwi kutaka vyeti hivyo isipokuwa amekusudia kuandikiana mkataba na wewe. Yaani ofa kwanza, vyeti baadaye. Wengi wanavitaka mapema kwa mazoea, na sisi tunatoa kwa hofu ya kukosa.

Na kwa wanaongoja taasisi za serikali au kaunti, nyinyi mna njia ambayo Binti hana. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika uulize mchakato umefikia wapi, na afisa ana siku zake za kukujibu.

#34 Baharia_wa_Zamani
Siku 14.

#35 Wakili_wa_Mtaa
Siku 21, baharia. Hizo 14 ni nyongeza wanayoweza kujipa mara moja tu kama ombi ni kubwa. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

#36 Ukhty_Majengo
Na nakala za vitambulisho na vyeti tunavyowaachia? Mimi huwa nawaza ziko mikononi mwa nani.

#37 Wakili_wa_Mtaa
Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wanazo zipi, wanazitumia kwa nini, na kuomba zifutwe kama hawana tena sababu ya kuzishika. Andika, weka nakala.

#38 Njoroge_wa_Mikindani
Hapo kwenye nakala, tahadhari. Kuna watu wanawinda wanaongoja. Nilipata ujumbe: "Hongera umefaulu, tuma pesa ya vipimo vya afya leo, nafasi zimebaki mbili." Ukingoja sana moyo unataka kuamini. Nilipiga ofisi yenyewe kwa namba iliyokuwa kwenye barua yao ya mwaliko, wakasema hawamjui huyo. Mamangu alikuwa ameshakopa kwenye chama ili anitumie. Pesa zikarudi chamani jioni ileile.

#39 Mama_Swaleh
Njoroge, umefanya la maana kulisema hili. Kampuni ya kweli haikutumii namba ya M-Pesa ya mtu.

#40 BintiMikindani
Nimepeleka imeli kama alivyonielekeza Bi Swaleh. Halafu nikaenda Kongowea kuonana na mwenye duka ana kwa ana. Nilimweleza kila kitu: kuna pahali nangoja, nimeomba muda mrefu, na sitaki nimtoroke. Nikadhani atanifukuza. Akauliza tu, "Ukiitwa, utanipa wiki moja nitafute mwingine?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nianze Jumatatu saa moja na nusu, nije na kitambulisho.

Changamwe bado hawajajibu imeli.

#41 Chuma_Changamwe
Mwenye duka ni muungwana. Changamwe hawatajibu, mimi niko palepale.

#42 Mama_Swaleh
Na mimi niko palepale. Aliye wa kwanza anamaliza notisi yake. Hesabu siku 28 tangu faili irudi, ndipo utajua.

#43 Bamburi_Jikoni
Na kama ni pesa za bajeti, ni Julai. Sijasema zaidi.

#44 KijanaWaKisauni
Wacha niulize la kwangu kabla uzi haujalala. Alhamisi nina intavyu ya mapokezi kwenye hoteli ya Shanzu. Niulize nini mwishoni ili nisije nikangoja kama Binti?

#45 Mama_Swaleh
Uliza matatu kabla hujainuka: uamuzi wa mwisho ni wa nani, utatoka karibu lini, na siku hiyo ikipita ni sawa umpigie nani. Andika jina na namba palepale mbele yao. Anayekupa jina lake hukukumbuka.

#46 KijanaWaKisauni
Nashukuru bi. Na wakiniuliza mshahara?

#47 Bamburi_Jikoni
Usitaje wa kwanza. Uliza kama kuna chakula cha wafanyakazi na gari la kuwarudisha wa zamu ya usiku. Kutoka Shanzu mpaka Kisauni saa sita za usiku kwa bodaboda, kila siku ya zamu, utaona mwisho wa mwezi umebaki na nini. Ukishajua hayo mawili ndipo utaje namba.

#48 KijanaWaKisauni
Sawa dada. Nitarudi Alhamisi jioni.